Kushuka Bandarini: Msafiri wa Usambara na Homa ya Nchi ya Chini

Mwaka 1898 Robert Koch, daktari Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alichapisha taarifa za safari zake za Afrika Mashariki. Humo alieleza jambo alilolipata kwa wenyeji wa milima ya Usambara. Walimwambia kwamba wakishuka nchi ya chini hupatwa na ugonjwa uitwao mbu. Na walipoulizwa unatoka wapi, walijibu kwamba huko chini kuna wadudu wanaouma, nao wadudu hao huitwa mbu vilevile. Mwaka mmoja tu kabla ya taarifa hiyo, mwezi Agosti 1897, Ronald Ross alikuwa ameona kwa hadubini vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu huko Secunderabad, India. Wasambaa hawakuwa na hadubini. Walikuwa na uzoefu wa vizazi vya watu walioshuka wazima na kupanda wagonjwa.

Uzoefu huo haujapitwa na wakati. Kutoka Lushoto, mji uliopo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hadi Mombo chini ya mlima ni kiasi cha kilomita 33 za kona na makorongo. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na tangu hapo safari ya kwenda baharini ikawa nyepesi. Leo mkulima wa kabichi, mwanafunzi anayekwenda likizo na mama anayepeleka mtoto kwa bibi yake wote huweza kuondoka Lushoto asubuhi na kulala Tanga usiku. Mwili, hata hivyo, haubadiliki kwa kasi ya basi.

Sababu yake inaeleweka vizuri. Kimelea hatari zaidi cha malaria huhitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Panapokuwa na baridi ya chini ya nyuzijoto 16 hivi, ukuaji wake husimama. Utafiti uliofanyika katika milima hii ya Usambara na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kutoka mwinuko wa mita 300 hadi mita 1,700 kiwango cha maambukizi hushuka kwa zaidi ya mara elfu moja. Hiyo ni neema kwa wakazi wa juu, lakini neema yenye deni. Mtu aliyekulia nchi ya chini, akiumwa na kupona mara nyingi tangu utotoni, hujijengea kinga ya kiasi fulani. Aliyekulia mlimani hana akiba hiyo. Vimelea vilevile vinavyomletea jirani yake wa Muheza homa ya siku mbili vinaweza kumfikisha yeye, hata akiwa mtu mzima mwenye nguvu, katika malaria kali.

Hayo hayamaanishi kwamba watu wa milimani wakae mbali na miji ya bandari. Miji hiyo ni sehemu ya historia yao. Tanga ina boma la Wajerumani, mapango ya Amboni upande wa kaskazini na magofu ya Tongoni kwenye njia ya kusini. Pangani, kwenye mlango wa mto, ilikuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa. Hapo ndipo Abushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, alipouawa mwezi Desemba 1889. Ng'ambo ya bahari iko Unguja na Mji Mkongwe wake, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Haya ni mambo ya kuonwa kwa macho, na anayeweza kuyaona na ayaone.

Lakini msafiri wetu na mtalii wa meli hawasafiri kwa namna moja. Abiria wa meli kubwa za starehe zinazotia nanga Mombasa au Unguja hushuka asubuhi, huzunguka mjini, kisha jioni hurudi kulala melini, katika chumba kilichofungwa chenye kipoza hewa. Mbu aenezaye malaria huuma zaidi usiku. Kwa hiyo mtalii huyo mara nyingi huwa ameondoka saa ambayo hatari inaanza. Mtu wa Lushoto hulala nchi kavu, kwa shangazi au katika nyumba ya wageni, na jioni hukaa barazani kupunga upepo. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mtalii wa melini haumtoshi.

Ushauri unaomfaa ni huu. Afungashe chandarua chenye dawa kama anavyofungasha nguo, asitegemee kukikuta aendako. Jioni avae nguo ndefu na, akiweza, ajipake dawa ya kufukuza mbu. Mjamzito asiache dozi zake za SP za kliniki kwa sababu ya safari, na aende na kadi yake. Mwenye selimundu, na kila anayetumia dawa za kudumu, aonane na mhudumu wa afya kabla ya kuondoka, ili aulize kama anahitaji kinga ya ziada na achukue dawa za kutosha siku zote pamoja na siku chache za dharura.

Joto nalo lina hesabu yake. Kwa kila mita 1,000 unazoshuka, hali ya hewa huongezeka joto kwa nyuzi sita hivi. Mwili uliozoea baridi ya Lushoto hutoka jasho jingi ufukweni, na anayetumia dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo huweza kupata kizunguzungu. Anywe maji safi mara kwa mara, apumzike kivulini mchana, wala asiache dawa bila kushauriwa. Mwenye kisukari anayetumia insulini aihifadhi mahali pa baridi. Chombo kikavu kilichowekwa ndani ya chungu chenye maji husaidia pasipo na jokofu.

Si kila homa ya bandarini ni malaria. Mwaka 2019 ugonjwa wa dengi ulienea Dar es Salaam na kufika Tanga. Mbu wake huuma mchana na huzaliana katika maji yaliyotuama kwenye ndoo, makopo na matairi. Mwenye homa, maumivu ya viungo na ya nyuma ya macho, ambaye kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea, asijinunulie aspirini wala diklofenaki, kwa maana dawa hizo huweza kuzidisha kutokwa damu. Parasetamoli ndiyo salama zaidi wakati akielekea kituoni.

Bandari zimejua tangu kale kwamba abiria hubeba zaidi ya mizigo. Mwaka 1377 mji wa bandari wa Dubrovnik uliamuru wageni waliotoka penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia. Hapa kwetu, kisiwa cha Changuu mbele ya Mji Mkongwe, ambacho watalii hukiendea kutazama makobe wakubwa, kiliwahi kuwa karantini ya abiria wa meli walioshukiwa kuwa na homa ya manjano. Siku hizi Unguja ina malaria kidogo sana, chini ya asilimia moja ya watu, na sehemu kubwa ya wagonjwa wanaogunduliwa huwa wametoka safari ya Bara. Kwa hiyo msafiri anayelala Tanga siku kumi kisha akavuka kwenda Unguja akiwa na homa awaambie wahudumu wa huko alikotoka. Kujikinga kwake ni kuwakinga wenyeji wake pia.

Hatari kubwa kuliko zote huja baada ya safari. Dalili za malaria kali ya nchi yetu huanza kwa kawaida kati ya siku ya saba na ya kumi na nne tangu kuumwa na mbu. Wakati huo msafiri amekwisha kurudi mlimani, amevaa sweta, na kila mtu anadhani homa yake ni mafua ya baridi. Hapo siku mbili za kusubiri huweza kugharimu maisha, hasa ya mtoto mdogo.

Basi, ewe mgonjwa, ukipata homa ndani ya majuma machache tangu kurudi, neno lako la kwanza kituoni liwe: "Nilikuwa pwani." Usingoje kuulizwa. Ewe mhudumu wa zahanati ya mlimani, uliza kila mwenye homa: "Ulisafiri wapi, na ulirudi lini?" Kisha pima siku hiyohiyo; akikutwa na malaria isiyo kali, mpe dawa mseto kwa mujibu wa mwongozo na umwambie amalize dozi. Ukiona degedege, kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida au mkojo wa rangi ya kahawa, anza matibabu ya dharura ya artesunate na umpe rufaa bila kuchelewa.

Swali hilo halihitaji mashine wala fedha. Wazee wa Usambara walilijua jibu lake kabla ya maabara kufika milimani, wakalihifadhi katika neno moja: mbu.