Petroli Iliyolala na Dawa za Chupa



Ukipita siku hizi katika kambi za mashamba ya chai na miwa hapa Uganda, utaona pikipiki mbele ya nyumba nyingi. Mwenzetu mmoja huitumia kwenda zamu ya usiku kiwandani. Mwingine akitoka kazini jioni hubeba abiria, apate kuongeza karo ya watoto. Pikipiki imekuwa chombo cha mfanyakazi kama lilivyo panga na jembe, na kila senti inayoingia katika tanki lake imetoka katika ujira wetu.

Ndiyo maana nimeona niandike juu ya swali ambalo wanachama huniuliza kila ninapotembelea matawi: je, petroli huchacha? Na hizi chupa ndogo za dawa zinazouzwa madukani, ambazo wanasema zinasafisha injini na kuipa nguvu, zina kazi gani?

Mimi si mhandisi. Nilisoma shule ya msingi tu. Lakini jambo hili nililipia, na aliyelipa zaidi kuliko mimi ni mama mmoja mchuma chai.

MIEZI MINNE BILA KUTEMBEA

Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Serikali ilisimamisha usafiri wa abiria, na boda boda zikakatazwa kubeba watu. Nami niliiingiza pikipiki yangu katika stoo ya ofisi ya tawi, tanki likiwa nusu. Boda boda ziliporuhusiwa tena kubeba abiria mwishoni mwa Julai mwaka ule, yangu ilikuwa bado imesimama palepale.

Wakati huo mama yule alikuwa na shauri mbele ya afisa wa kazi wa wilaya. Mashine ya kuchumia chai ilikuwa imemkata vidole viwili, na mwajiri alikuwa anadai kwamba kosa ni lake. Makaratasi yote ya daktari na ya mashahidi nilikuwa nayo mimi. Asubuhi ya siku ya shauri nilipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Injini ilikohoa mara mbili, kisha kimya. Nilikimbia dukani nikanunua chupa ya dawa, ambayo bei yake ilipita ujira wa siku moja wa mchuma chai, nikaimimina yote tankini. Nikapiga kiki tena. Haikuwaka.

Nilipofika wilayani kwa gari la mkaa, saa ilikuwa imepita na shauri limeahirishwa. Yule mama alikuwa ameketi kwenye benchi nje, mkono umefungwa kitambaa. Hakuniuliza neno. Aliniambia tu, "Basi, tutarudi siku nyingine, mwanangu."

KITU GANI KILIHARIBIKA

Kesho yake fundi kijana wa hapa kwetu aliifungua kabureta mbele yangu. Kile kibakuli cha chini kilikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, kinanata kama utomvu wa fenesi. Kuna kitundu kidogo sana ambacho mafundi hukiita jeti ndogo, ndicho kinachopitisha petroli wakati injini inapowashwa na inapounguruma polepole. Kilikuwa kimezibwa kabisa.

Petroli si kitu kimoja kama maji. Ni mchanganyiko wa vitu vingi, vingine vyepesi na vingine vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyoshika moto haraka injini ikiwa baridi, navyo ndivyo vya kwanza kuruka hewani. Vikiisha kutoka, petroli inabaki nzito, na injini inakataa kuwaka. Jambo la pili ni kwamba hewa huingia katika petroli na kuigeuza polepole, kama mafuta ya kupikia yaliyoachwa wazi yanavyobadilika harufu. Mwisho wake ni gundi. Joto huharakisha mambo hayo, na tanki lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, kwa kuwa lina hewa nyingi ndani.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni ndiyo, petroli hulala. Ya mwezi mmoja haina neno. Ikifika miezi mitatu katika tanki la pikipiki, anza kuwa na shaka. Ikipita hapo, inuse: petroli nzuri ina harufu kali inayopanda puani, iliyolala ina harufu ya rangi ya zamani. Itazame pia katika chupa safi ya kioo, kwa maana iliyoharibika mara nyingi huwa imegeuka nyeusi zaidi. Wenzetu wanaotumia misumeno ya injini na mashine za kupogolea chai wajue kwamba petroli iliyochanganywa na oili nayo huharibika vilevile.

CHUPA INAPONYA NINI

Sasa tuje kwenye dawa. Sisemi zote ni uongo. Nasema kila moja ina kazi yake, na mwuzaji hakuambii ni ipi.

Iko dawa ya kuzuia petroli isiharibike. Hiyo hufanya kazi, lakini ni lazima itiwe katika petroli mpya kabla ya kuiweka. Petroli ikiisha kulala, haiwezi kuifufua. Mimi niliimimina katika maiti.

Iko dawa ya kusafisha. Hiyo inaweza kupunguza uchafu kidogo kidogo katika injini inayotembea. Lakini jeti iliyozibwa haipitishi kitu, basi dawa itapita wapi? Hapo kazi ni ya fundi na bisibisi yake. Isitoshe, petroli ya kituo kinachoaminika mara nyingi huwa imekwisha tiwa dawa za namna hiyo na kampuni yenyewe.

Iko dawa ya kupandisha okteni, yaani ya kuzuia injini kugonga. Pikipiki zetu ndogo za boda boda zimetengenezwa kwa petroli ya kawaida. Ikiwa haigongi, okteni ya juu haiongezi nguvu hata chembe. Na ikiwa inagonga, tafuta kwanza sababu. Huenda uliuziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hushusha okteni na kuacha masizi. Chupa haitakuondolea wizi huo.

Wako pia wanaotia oili katika petroli ya pikipiki ya kisasa, ile yenye oili yake chini ya injini. Hiyo ni desturi ya zile pikipiki za zamani zenye moshi wa buluu. Kwa hizi za sasa ni kuchafua plagi bure.

DAWA ILIYOUA WAFANYAKAZI

Ndugu zangu, iko dawa moja ya petroli ambayo kila mwanachama aijue, kwa sababu waliotangulia kuilipia walikuwa wafanyakazi wa kiwandani kama sisi.

Mwaka 1921 huko Marekani, Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors aligundua kwamba madini ya risasi yakitiwa katika petroli yanazuia injini kugonga. Ilijulikana wakati uleule kwamba spiriti nayo inazuia kugonga, lakini makampuni yalichagua risasi. Oktoba 1924, katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, mvuke wa dawa hiyo uliwaingia wafanyakazi. Watu walirukwa na akili, wengine wakafungwa mikono wasijidhuru, na watano walikufa. Wafanyakazi wenyewe walikuwa wameuita mvuke ule gesi ya wazimu. Mwisho wa mwezi uleule Midgley aliwaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa dawa hiyo mbele yao na kuinusa, kuonyesha kwamba haina hatari. Hali mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa ameacha kazi kwa muda ajitibu sumu ya risasi.

Dunia ilivuta moshi wa risasi kwa miaka mingi baada ya hapo, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia mwanzo wa 2006 petroli hiyo ilikuwa imeondolewa. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Na ile spiriti iliyoachwa? Wenzetu wa Malawi wanaitengeneza kutokana na molasi ya miwa huko Dwangwa tangu 1982, na huichanganya na petroli. Mkata miwa anatia mafuta katika tanki kwa jasho lake. Lakini mwenye pikipiki ajue kwamba spiriti hunyonya unyevu wa hewa. Petroli ya namna hiyo ikikaa muda mrefu, maji yanaweza kujitenga na kushuka chini ya tanki, na ndiko injini inakonyonya.

TUFANYE NINI

Naomba makatibu wa matawi wabandike haya kwenye ubao wa matangazo:

1. Nunua petroli kituoni penye wateja wengi, si katika chupa iliyoshinda juani kando ya barabara.

2. Ukijua pikipiki itasimama zaidi ya mwezi, funga koki ya petroli, kisha legeza skrubu ya chini ya kabureta uimwage iliyomo ndani. Fanya hivyo nje, mbali na moto na sigara. Hiyo ni kazi ya dakika tano na haina gharama.

3. Petroli ikiwa imelala, itoe yote. Usiwashie moto wa kupikia wala usiimwage karibu na kisima.

4. Usiinyonye kwa mdomo na usiioshee mikono. Ina benzini, ambayo huleta saratani ya damu.

5. Usiweke dumu la petroli ndani ya nyumba wanamolala watoto. Mvuke wake hutambaa sakafuni mpaka ufike jikoni.

6. Pesa ya chupa, nunua oili mpya ya injini na filta ya hewa. Hizo ndizo dawa ambazo pikipiki yako inazijua.

Fundi yule alinitoza kidogo kuliko bei ya chupa. Alisafisha jeti kwa petroli mpya na pampu ya baiskeli, akaosha tanki, na kiki ya tatu injini ikawaka.

Shauri la yule mama liliitwa tena baada ya majuma matano. Siku hiyo tulifika mapema, yeye amekaa nyuma yangu na makaratasi yamo mfukoni mwa koti. Tulishinda, naye alilipwa. Lakini majuma yale matano alikula kwa kukopa, na deni hilo lilitokana na petroli nusu tanki niliyoisahau stoo.

Wasalaam, na umoja wetu udumu.