Kwa Nini Nilinunua Bastola ya Risasi Sita

Picha nilimtumia mdogo wangu peke yake. Nimesimama dukani hapa Houston, bastola iko mezani mbele yangu. Kufika jioni ilishaingia grupu la ukoo, na kwetu Kitandililo nzima wakajua nimekuwa jambazi. Wifi yangu wa Makambako akaandika: "Dada, Marekani ulienda kutunza wazee au kuua watu?" Gobore la babu lilikaa nyuma ya mlango miaka yote tukiwa watoto, na sikumbuki aliyewahi kumuuliza.

Najibu hapa mara moja, nisije nikarudia kwa kila simu.

Zamu yangu inaisha saa tano usiku, na gari naliacha mwisho wa maegesho, ambako taa mbili hazijawaka tangu Januari. Mwenzangu alinyang'anywa mkoba pale pale. Texas, tangu Septemba 1, 2021, mwenye miaka 21 ambaye sheria haijamkataza silaha anabeba bastola bila leseni. Nikajaza fomu namba 4473, muuzaji akaulizia rekodi zangu FBI, nikalipa. Kahawa yangu ilikuwa bado ya moto. Huko nyumbani ningeanzia ofisi ya kijiji, kata, wilaya mpaka mkoa, na kila ofisi ina shemeji wa mtu. Kabla kibali hakijatoka, soko zima la Makambako lingeshajua naficha hela ndani.

Sasa kwa nini hiyo. Ni rivolva, ile yenye silinda inayozunguka. Zile za magazini zinataka uvute chuma cha juu kwa nguvu, na vidole vyangu vimechoka kugeuza wazee kitandani. Hii unafungua silinda, unatia risasi, unafunga. Muuzaji alinipa kwanza ndogo ya risasi tano, ya kuingia mfukoni. Mpini ukaisha mapema, kidole cha mwisho kikabaki kinaning'inia. Ya umbo la kati, kama ile fremu K ambayo Smith & Wesson walianza nayo 1899, inabeba sita na kiganja kinajaa. Tatizo ni kwamba ikiwa chuma kitupu inakaribia kilo, sawa na kutembea na mfuko wa sukari kiunoni.

Ndiyo maana wakaja na fremu za aluminiamu. Colt Cobra ilitoka 1950. Jeshi la Anga la Marekani likataka nyepesi zaidi kwa ajili ya marubani, hata silinda iwe ya aluminiamu. Hazikuhimili, zikakusanywa na nyingi zikaharibiwa. Yangu fremu ni aluminiamu, silinda chuma, nusu kilo na ushee. Lakini wepesi huo unaulipia: risasi ni ile ile ya .38 Special, bastola imepungua uzito, kwa hiyo teke lote linakuja mkononi. Siku ya kwanza uwanja wa shabaha nilipiga 12 nikaiweka chini, kiganja kinawaka.

Kinachonichekesha huku ni mabango. Kuna 30.06, kuna 30.07, namba za vifungu vya sheria yao ya jinai. La kwanza linamkataza mwenye leseni kuingia na bastola iliyofichwa, la pili iliyo wazi. Sheria imepanga hata herufi: zisipungue inchi moja kwenda juu, rangi zitofautiane na ubao, maneno yawe ya Kiingereza na Kihispania. Kwa hiyo mlango wa duka unasomeka kama mkataba wa shamba. Baa nazo zina bango la "51%" kwa wekundu, maana yake zaidi ya nusu ya mapato ni pombe inayonywewa hapo hapo. Vilabu vyetu vya ulanzi vingehitaji bango la mia kwa mia.

Na kazini kwangu, nyumba ya wazee, hairuhusiwi kuingia nayo bila idhini ya maandishi. Shuleni kwa watoto ndiyo kabisa. Kwa hiyo bastola niliyonunua ya kubeba kila siku inashinda imefungiwa garini.

Shule nimeitaja, basi. Juzi Tumaini wangu wa darasa la tatu karudi, kasukuma ugali pembeni kama kawaida yake, akasema, "Mama, leo tumejifunza kunyamaza." Mwalimu alizima taa, akafunga mlango, wakajibana kona moja, halafu mtu akaja kutikisa kitasa kutoka nje. Zoezi tu. Akaniuliza kama Kitandililo tulikuwa tunajificha hivyo. Nikamwambia tulimkimbia mwalimu wa zamu tukichelewa namba. Akacheka, halafu akauliza: "Yule wa kwenye kitasa, angekuwa na bastola kama yako?"

Nilikuwa naelekea kueleza mkoba wa kuwekea bastola kiunoni. Chukua wa ngozi ngumu unaofunika kifyatulio chote, yatosha.

Nyumbani inalala kwenye kasha la chuma. Hapa kuiacha mtoto wa chini ya miaka 17 aifikie ni kosa la jinai, na namba ya kufungulia siyo tarehe ya kuzaliwa ya yeyote. Wifi, ifute ile picha. Na hii habari ya zoezi la Tumaini, nakuomba mama asiisikie.