Nani Alikula Samaki ya Mutoto?

Mwezi huu sitaanza na andiko. Nitaanza na samaki.

Ilikuwa magaribi, mwisho wa mwezi wa kwanza wa mwaka 2025. Wewe pia unazikumbuka siku zile. Redio ilikuwa inasema tu Goma, Goma, Goma: wapiganaji wa M23 wameingia mujini, watu wanakimbia, hospitali zimejaa. Nyumbani kwangu muke wangu alikuwa ametayarisha bukari, sombe, na tomson, kila mutu na kipande chake. Binti yetu mudogo alitumwa kwa jirani kurudisha kinu. Mimi nikaikala, redio upande huu, telefone upande ule. Nilikuwa nakata bukari, nachovya, nameza, nasikiliza. Nikikasirika, nakata ingine. Nikihuzunika, nakata ingine tena.

Mutoto akarudi. Akaangalia sahani, akauliza na sauti ndogo: "Baba, samaki yangu iko wapi?"

Nilikuwa nimeikula. Musomaji, sikufichi: sikujua kama nimeikula. Hata utamu wake sikuusikia. Mama yake aliniangalia tu, hakusema neno. Mutoto akakula bukari na sombe, akashukuru, akaenda kulala. Lakini mimi usingizi ulikataa. Nilikuwa ninasikitikia watoto wa Goma wenye njaa, na palepale nilikuwa ninakula chakula cha mutoto wa nyumbani mwangu.

Habari inaingia masikioni, inashuka tumboni

Sisi wa miji ya migodi, habari si kitu cha kupitisha wakati. Habari njo sahani yetu. Katika mwezi wa pili wa 2024, Rais wa Zambia alitangaza kwamba ukame ulikuwa balaa ya inchi yao nzima. Huku kwetu Katanga, wamama hawakungoja kuelezwa. Walijua kwamba muhindi mwingi tunaokula unapitia mupaka ule, na kama wenzetu hawana, meka ya bunga itapanda.

Tena, mwezi wa pili wa 2025, serikali ilisimamisha kuuza kobalti inje. Kwanza walisema miezi minne, kisha wakaongeza, na mwezi wa kumi wakaweka kipimo kwa kila kampuni. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Kwa hiyo bei ikipanda kule mbali, kuna nyumba huku inayokula nyama. Bei ikianguka, nyumba ileile inafunga mbabula saa za midi.

Wazee wetu walijua habari ya namna nyingine. Wakati wa Union Minière, na kisha Gécamines, bunga ilifika kwa mufanyakazi kama sehemu ya mushahara. Ndiyo sababu watu walisema kazi njo baba, njo mama. Kisha ukaja mwaka 1990, mugodi wa Kamoto ukaanguka, na kazi ikaanza kufa polepole. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliondoka kwa mupango ule wa kuacha kazi kwa hiari. Tangu pale kila jamaa ilijifunza kujitafutia.

Ninasema haya yote kwa sababu gani? Kwa sababu sitaki kukuambia, "Zima redio, usisikilize." Hapana. Anayetafuta bunga ni lazima asikilize. Lakini habari ina saa yake, na chakula kina saa yake. Ukivichanganya, unaharibu vyote viwili: habari huielewi muzuri, na chakula hukisikii.

Munganga alinifunga mukono

Wiki mbili kisha jambo la samaki, nilienda kumuangalia mugonjwa kwenye kituo cha afya. Ni jirani, mufanyakazi wa zamani wa mugodi, mutu wa nguvu. Alianguka asubuhi akifunga viatu. Leo mukono wake wa kuume haushike kijiko. Munganga aliniona ninapumua sana kwa sababu ya kupanda ngazi sita tu. Akaniambia: "Pasta, ikala. Leta mukono."

Tansio yangu ilikuwa 17 juu ya 10. Nilicheka, nikasema: "Lakini siumwi kitu." Yeye hakucheka. Alijibu: "Hata huyu uliyekuja kumuangalia, hakuwa anaumwa kitu."

Alinirudisha siku zingine mbili, kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi. Ikawa ileile. Mutu mukubwa ambaye kila mara anapimwa 14 juu ya 9 ao zaidi, yule ana tansio ya juu. Ugonjwa huu haupigi hodi. Shirika la afya la dunia linasema kwamba karibu nusu ya watu wenye tansio ya juu hawajui kwamba wanayo. Nilipewa dawa, na ninaimeza hata leo. Niliandika maneno haya wazi kwa sababu katika makanisa yetu wako ndugu wanaotupa dawa siku wanajisikia muzuri, wakisema wamepona kwa imani. Ndugu yangu, kama umeombewa, rudi upimwe. Munganga njo atakuambia kama dawa inapunguzwa.

Kisha munganga aliniuliza swali moja: "Pasta, jana ulikula nini?" Sikuweza kujibu. Nilikumbuka habari zote za redio ya jana. Chakula cha jana sikukumbuka.

Kanisa la Korinto na meza yetu

Usiku ule nilifungua 1 Wakorinto sura ya 11. Nimehubiri sura ile miaka mingi wakati wa Meza ya Bwana, lakini sikuwa nimeona jambo hili: Paulo aliwakaripia Wakorinto juu ya namna ya kukula. Kila mutu alikimbilia chakula chake mwenyewe. Mumoja alishiba na kulewa, mwingine alibaki na njaa. Na dawa aliyowapa ilikuwa nyepesi: mukikusanyika kukula, mungojane.

Kungojana! Kama ningemungoja mutoto, samaki yake ingebaki.

Angalia pia Esau, katika Mwanzo 25. Alitoka porini na njaa, akauza haki yake ya muzaliwa wa kwanza kwa sahani ya dengu. Sisi tunamucheka. Lakini kijana anayepokea franka za wiki kwenye mugodi siku ya posho, na asubuhi yake mufuko uko utupu kwa sababu ya lutuku na nyama ya kuchoma, ana tofauti gani na Esau? Mudomo ulikula, akili haikuikala mezani.

Mazoea ambayo tulianza nyumbani

Sitakupa sheria. Nitakuambia tu yale ambayo tulianza kwetu.

Kwanza, tunanawa mikono na maji yenye kutembea na sabuni. Utasema hilo ni la watoto wa shule. Sikiliza. Wachunguzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven kule Ubelgiji walipima watu wa Kasulo, mutaa wa Kolwezi ambapo watu walichimba kobalti hata chini ya nyumba zao. Matokeo yalitoka mwaka 2018: kobalti ilikuwa nyingi katika mukojo wa watu wale, na zaidi kwa watoto. Vumbi linaikala kwenye mikono, kwenye vyombo, kwenye majani ya mboga. Baba ukitoka kuchimba, usikamate bukari mbele ya kunawa, wala usimubebe mutoto na nguo za mugodi. Mboga tuioshe mara mbili, tatu. Chungu tukifunike.

Pili, redio inazimwa na telefone inabaki kwenye chumba kingine. Tunangoja mpaka wote waikale. Tunaomba. Maombi ya chakula si ya kupita tu. Yanamupa mutu nafasi ya kuangalia kile kiko mbele yake: nani alinunua, nani alitwanga, nani bado hajapata.

Tatu, tunakula polepole. Tumbo linachelewa kupasha kichwa kwamba limejaa. Wengi wanasema ni kama dakika 20. Anayemaliza mulima wa bukari kwa dakika tano, anapita shibe yake bila kuiona.

Inne, chumvi. Mutu mukubwa hapaswi kupita gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, na ndani yake hesabu ile ya bitoyo, ya kibu, na ya mukate. Muke wangu alikuwa anaweka kibu tatu kwenye chungu cha sombe. Sasa anaweka moja, na siku zingine hakuna. Anaongeza vitunguu, nyanya, na karanga ya kutwanga. Bitoyo analoweka usiku, anamwanga maji yake. Wiki ya kwanza watoto walilalamika: "Mama, mboga haina chumvi." Wiki ya tatu hawakusema tena.

Tano, sukre. Chupa ya santilitri 33 inaweza kuwa na gramu 35 za sukari, ni kama vijiko nane vidogo. Hakuna kati yetu anayeweza kuweka vijiko nane ndani ya kikombe kimoja cha chai mbele ya wageni. Kwetu sukre imebaki ya sikukuu.

Sita, miguu. Nilikuwa ninapanda moto hata kwa safari ya dakika kumi. Sasa ninaenda kwa miguu kutembelea wakristo, na nimepata faida mbili: tansio inashuka, na ninasalimia watu ambao zamani niliwarushia vumbi.

Lakini mutu anayekula mara moja kwa siku?

Mama mumoja wa kanisa aliniuliza hivi mbele ya wengine: "Pasta, weye unatufundisha kukula polepole. Siye tunakula mara moja. Tutapunguza nini?"

Nilinyamaza kwanza, kwa sababu alikuwa na haki. Kisha niliona kwamba yeye mwenyewe alikuwa na jibu kuliko mimi. Nyuma ya nyumba yake kuna lengalenga na matembele, anamwangilia maji ya kuosha vyombo. Mafuta anayopikia ni mafuta ya ngazi, yale mekundu, ambayo yanasaidia macho ya watoto. Anasaga muhindi pamoja na maganda yake, kwa sababu hana pesa ya kuukoboa, na kumbe bunga ile isiyo nyeupe njo imebaki na nguvu. Sisi wenye mushahara kidogo tulikuwa tunalipa pesa ili watuondolee kile kilicho kizuri.

Kwake yeye, sikusema apunguze kitu. Nilisema: ile mara moja, mukule pamoja, watoto wakwanza. Na kwetu tulio na mara mbili, tuulize kama jirani ana hata ile moja. Tangu mwezi ule wamama wa kanisa wanaweka kila mumoja kikombe cha bunga siku ya posho, na kinaenda kwa nyumba ambapo mbabula haijawashwa. Ni kidogo. Lakini kila wiki kuna nyumba inayokula.

Kurudi kwa samaki

Tansio yangu ya mwisho ilikuwa 13 juu ya 8. Ninamushukuru Mungu, na munganga, na muke wangu. Nyumbani sasa kuna desturi: baba njo anagawanya samaki, na kipande chake njo cha mwisho. Juzi kilibaki kichwa tu. Binti yetu akaniangalia, akauliza: "Baba, leo uko nasikia utamu?"

Nikamujibu ndiyo. Na ilikuwa kweli.

Ya kuzungumza katika jamaa

1. Jana tulikula nini, na tulikula pamoja na nani?

2. Katika nyumba yetu, nani anakula wa mwisho, na anabakiliwa na nini?

3. Ni nani kati yetu mwenye kupita miaka 40 ambaye hajapimwa tansio mwaka huu? Ataenda siku gani, na nani atamusindikiza?