Eve Muirhead: Nahodha wa Jiwe la Mwisho

Eve Muirhead alizaliwa Perth, Uskoti, tarehe 22 Aprili 1990, akalelewa Blair Atholl, kijiji cha nyanda za juu, katika familia ambayo kelingi ilikuwa kama kazi ya ukoo. Baba yake, Gordon, alikuwa mchezaji wa kimataifa, na ndugu zake wa kiume, Glen na Thomas, nao waliushika mchezo huo. Eve alipiga pia zumari la mfuko na kucheza gofu kwa kiwango kilichowavutia watoaji wa ufadhili wa masomo Marekani. Akachagua barafu.

Kelingi huchezwa na timu mbili za watu wanne kwenye njia nyembamba ya barafu yenye urefu wa takriban mita 45. Kila mchezaji husukuma mawe mawili ya itale, kila moja likikaribia kilo 20, kuelekea duara lililochorwa upande wa pili. Jiwe likishaachiwa haliguswi tena. Wachezaji wenza hukimbia mbele yake wakisugua barafu kwa brashi, na joto la msuguo hulifanya liteleze mbali zaidi na lisipinde sana. Mawe 16 yakiisha, timu yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu ndiyo inayopata pointi. Hiyo ni awamu moja. Mechi ya Olimpiki ina awamu 10. Nahodha ndiye huchagua mbinu, na kwa kawaida ndiye anayesukuma mawe mawili ya mwisho. Kosa la mchezaji wa kwanza lina nafasi ya kurekebishwa. La nahodha halina.

Muirhead alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana mara nne: 2007, 2008, 2009 na 2011. Katikati ya miaka hiyo, akiwa na umri wa miaka 19, alikuwa nahodha wa Uingereza kwenye Olimpiki ya Vancouver 2010, na timu ikamaliza nafasi ya 7. (Uskoti hushiriki peke yake katika ubingwa wa dunia na wa Ulaya, lakini kwenye Olimpiki wachezaji wake huvaa jezi ya Uingereza.) Mwaka 2013 huko Riga, Uskoti iliifunga Sweden 6-5 na kuwa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata, Sochi, Uingereza ilipata shaba kwa kuifunga Uswisi 6-5. Kwa nahodha wa miaka 23, dhahabu ilionekana kuwa suala la muda tu.

Muda wenyewe ulikuwa mrefu. Pyeongchang 2018, Uingereza ilipoteza nusu fainali mbele ya Sweden, kisha ikakutana na Japani kuwania shaba. Awamu ya 10 ilianza Japani ikiongoza 4-3, na jiwe la mwisho lilikuwa mkononi mwa Muirhead. Hakulenga kusawazisha, alijaribu pigo gumu la kushinda mechi palepale. Mawe yaligongana, na lililotulia karibu zaidi na kitovu likawa la Wajapani: 5-3. Uamuzi ule ulikuwa wa kijasiri, na pengine ulikuwa sahihi, lakini ubao wa matokeo hauandiki ujasiri. Mwaka huohuo alifanyiwa upasuaji wa nyonga.

Ubingwa wa dunia wa 2021 mjini Calgary ulikwenda vibaya, na Uingereza ikakosa tiketi ya moja kwa moja ya Beijing. Wachezaji tisa wakawekwa katika kikosi kimoja na kupangwa upya. Kutoka humo ilizaliwa timu ya Muirhead, Vicky Wright, Jennifer Dodds, Hailey Duff na Mili Smith. Wright alikuwa nesi aliyefanya kazi hospitalini wakati wa UVIKO-19. Walitwaa ubingwa wa Ulaya Lillehammer, kisha wakapata tiketi yao Desemba 2021 kwenye mashindano ya kufuzu huko Leeuwarden, Uholanzi.

Beijing, walivuka hatua ya awali kwa tundu la sindano: ushindi 5, vipigo 4, huku Kanada yenye matokeo yaleyale ikiachwa nje. Kwenye nusu fainali Sweden ilichukua pointi 4 katika awamu ya kwanza. Timu nyingi hapo huanza kucheza kwa woga. Waskoti walizirudisha hadi mechi ikaingia awamu ya nyongeza, wakashinda 12-11. Fainali ya Februari 20, 2022, dhidi ya Japani ileile, haikuwa na presha kama hiyo. Pointi 4 za awamu ya 7 zilifanya matokeo kuwa 8-2, na Wajapani wakasalimu amri baada ya awamu ya 9, wakiwa nyuma 10-3. Ilikuwa dhahabu pekee ya Uingereza kwenye michezo ile.

Miezi miwili baadaye Muirhead alitwaa pia ubingwa wa dunia wa mseto wa wachezaji wawili akiwa na Bobby Lammie, mjini Geneva, na Agosti akatangaza kustaafu akiwa na miaka 32. Baadaye aliteuliwa kuongoza msafara wa Uingereza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 2026, Milano na Cortina.