Upepo wa Jirani: Tunapojenga, Tunamjengea Nani?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tumeona tuzungumze juu ya nyumba tunazojenga, na hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, Mola alipotuwezesha kukamilisha nyumba yetu, tuliizungushia ukuta mrefu wa saruji. Tuliuona kuwa ni sitara na ni usalama. Kaskazini ya ukuta huo anaishi mama mmoja mjane, mtu mzima sana. Siku moja, tukirejea kutoka msikitini tulikotoa mawaidha juu ya haki za jirani, tulimkuta ametandika mkeka kando ya barabara, penye vumbi.

"Bi Mkubwa, mbona siku hizi unapumzika barabarani?" tulimuuliza.

"Nafuata upepo, mwanangu," alijibu. "Tangu mlipojenga ukuta, kusi haifiki kwangu."

Hakuwa akilalamika. Alijibu tu alichoulizwa. Nasi mawaidha yetu yote ya mchana ule yakaturudia wenyewe.

Jirani katika sheria

Katika Suratun-Nahl, aya ya 80 na 81, Allah (S.W.) anazitaja nyumba kuwa ni mahali pa utulivu, kisha anakitaja kivuli kuwa ni miongoni mwa neema Zake. Utulivu na kivuli ndizo shabaha za nyumba. Na neema hizo hakupewa mwenye kiwanja peke yake.

Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira (R.A.) na kuthibitishwa na Bukhari na Muslim, amemkataza mtu kumzuia jirani yake kupachika boriti katika ukuta wake. Tuizingatie hadithi hii. Ukuta ni wako, umeujenga kwa mali yako, lakini jirani ana sehemu ndani yake. Zipo pia riwaya zinazoutaja waziwazi upepo wa jirani. Wanazuoni wa hadithi wamezidhoofisha sanadi zake, lakini maana yake inaingia katika kanuni mashuhuri ya sheria yetu, kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Mafakihi waliichukua kanuni hiyo hadi kwenye madirisha, mifereji na njia. Ibn al-Rami, fundi muashi wa Tunis katika karne ya 14, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo.

Wazee wetu walijengaje?

Mfano wa maarifa hayo tunao katika pwani yetu. Mji wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, umekaliwa na watu kwa zaidi ya miaka 700 bila kukatika. Kuta za nyumba zake za kale ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, hivyo joto la jua huchelewa kupenya. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokadiria upana wa chumba. Ndani upo ua ulio wazi juu, ambao wenyeji huuita kiwanda. Humo hewa ya moto hupanda na kutoka, na mwanga huingia bila ya macho ya wapita njia kuwafikia wenye nyumba. Katika birika la choo waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu.

Njia za mji huo ni nyembamba, nyumba ikiitilia kivuli nyumba mwenziwe. Mlangoni pana daka lenye mabaraza, ambapo mgeni huketi na kupewa kahawa kabla ya kuingia ndani. Binti alipoolewa, aghalabu baba alimjengea juu au ubavuni mwa nyumba yake. Na pale ndugu walipotenganishwa na njia, kivuko cha juu kiitwacho wikio kiliwaunganisha, wanawake wakatembeleana bila ya kushuka barabarani. Sitara, kwa wazee hao, haikuwa kumtenga mtu na jamaa zake.

Hata hivyo, tusiyapambe mambo. Nyumba kubwa za mawe zilikuwa za wenye uwezo, na dhulma ya utumwa ilikuwamo ndani yake. Wala hatusemi turudi kuchimba matumbawe na kufyeka mikoko, kwani humo ndimo samaki wanamozalia, na ndiyo ngome ya fukwe zetu dhidi ya mawimbi. Tunachokihitaji ni akili ile iliyouliza kwanza: jua linatoka wapi, upepo unavuma wapi, na jirani yuko wapi?

Tufanye nini leo?

Kwanza, anayejenga aelekeze pande ndefu za nyumba kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige kuta fupi. Madirisha yatazamane, kaskazi na kusi zipite ndani.

Pili, tupunguze saruji pale inapowezekana. Utengenezaji wake pekee hutoa kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za wanadamu. Yapo matofali ya udongo yanayoshindiliwa kwa mashine pamoja na saruji kidogo, yasiyohitaji kuchomwa kwa kuni.

Tatu, tukinge maji ya mvua, na tupande mti kabla ya kununua feni.

Nne, tuyarudishe mabaraza. Watoto wetu wanakua ndani ya mageti, hawamjui mgonjwa wa nyumba ya tatu. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) pale Madina ulijengwa kwa matofali ya udongo, nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti, naye akibeba matofali pamoja na sahaba zake. Pembeni palikuwa na Suffa, kivuli cha wasio na makazi. Jengo lilikuwa duni kwa vifaa, lakini lilimpa nafasi kila mtu.

Ama ule ukuta wetu, tulimwita fundi akauteremsha hadi usawa wa kifua, na juu yake akapanga matofali yenye matundu. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko aibu yetu. Bi Mkubwa sasa hutandika mkeka wake uani kwake. Basi kila anayetaka kuinua ukuta, kabla ya kumwita fundi, na abishe hodi kwa jirani.

Wabillahi tawfiq.