Pezoni ya kupimia maharage na bulo ya vidanje: vyombo gani vinasaidia kutengeneza pikipiki nyumbani

Kwa wengi wetu tunaofanya kazi za tereni hapa Kivu ya Kusini, pikipiki njo ofisi. Ukitoka Bukavu kwenda Walungu, Kabare ao Nyangezi, hakuna gari litakalokushusha kwenye mlango wa shamba la mkulima. Bei ya esansi tunaijua kwa kichwa, tarehe ya vidanje pia. Lakini fungua chini ya kiti cha pikipiki zetu: utakuta kle moja ya moleti (ile inafunguka na kufungika), pensi yenye kutu, na turnevisi iliyokula ncha. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka siku nilikata uzi wa bulo ya vidanje, ile inayofunga shimo la mafuta chini ya moteri.

Ilikuwa Jumapili jioni. Kesho yake nilipaswa kufika Walungu mapema juu kulikuwa maharage ya majaribio ya kuvuna: viwanja vidogo 12, kila kimoja na aina yake ya mbegu, na kila kimoja kinapimwa peke yake. Nikafanya vidanje mwenyewe ili nisipoteze asubuhi kwa garaji. Nilifunga bulo na kle ya moleti, nikaona bado inatoa tone. Nikaongeza nguvu. Tone likaendelea. Nikaingiza bomba kwenye mkono wa kle ili uwe mrefu, nikavuta tena, na kwa mara moja ikalegea, ikaanza kuzunguka bila kushika kitu. Mwenye amekwisha kusikia ile hali kwenye mkono anaijua. Bulo ni ya chuma, karteri ya moteri ni ya alumini, na zikipigana, alumini njo inakufa.

Nyuma nilielewa kwamba tone lilitoka kwenye rondeli ya zamani iliyokuwa imepondeka. Ilihitaji rondeli mpya tu. Hata nguvu ya watu watatu isingeifunga.

Fundi alitoboa, akaweka uzi mpya na bulo kubwa zaidi, na saa nane mchana nilikuwa bado nimekaa kwenye bido garajini. Huko shambani mvua ilikuwa inakuja. Mama mwenye shamba alivuna yote, akaanika kwenye turubai moja. Hakukosea: chakula cha watoto wake hakiwezi kuoza juu ya karatasi zangu. Lakini viwanja 12 viliingia ndani ya rundo moja, na data ya msimu ule ilikwisha pale.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Sisi watu wa agronomia tunapima kila kitu: mvua kwa milimita, mbolea kwa gramu, umbali wa mistari kwa kamba yenye mafundo. Kiisha tunafika kwa pikipiki na kuanza kusema « naona imekaza », « naona pine iko na upepo ». Kwa hiyo mukiniuliza chombo gani cha kununua kwanza, nitajibu: kile kinakuambia ukomee wapi. Nguvu tuko nayo tayari.

Tuanze na ile bulo. Kukaza kunatoka kwa vitu viwili, nguvu ya mkono na urefu wa kle. Ukivuta kwa nguvu ya kilo 10, mahali palipo sentimita 20 kutoka katikati ya bulo, hesabu ni hii: kilo 10 ni karibu nyutoni 98, mara mita 0,20, unapata karibu nyutoni-mita 20. Weka bomba, mkono ufike sentimita 60, vuta kwa nguvu ile ile: unafika karibu 60. Na kwenye pikipiki ndogo nyingi, kitabu cha kiwanda kinaomba nyutoni-mita 20 mpaka 25 tu kwa bulo ya vidanje. Mimi siku ile, sitaki hata kuhesabu.

Kuko kle inayopima yenyewe, inaitwa kle dinamometrike. Ni nzuri, lakini ni ya bei, na ile wanatumia kwa magari haisomi vizuri namba za chini kama hizi. Lakini wengi kati yetu tuko na pezoni, ile mizani ya ndoano tunayopimia mavuno. Hapa njo nilipata jibu langu. Pima sentimita 20 kwenye mkono wa kle, kuanzia katikati ya bulo, na utie alama. Funga kamba fupi pale kwenye alama. Tia ndoano ya pezoni kwenye kamba, hakikisha sindano iko kwenye sifuri, kiisha vuta polepole, pezoni na kle vikifanya pembe ya digrii 90. Sindano ikifika kilo 10, acha. Ukitaka 25, vuta mpaka karibu kilo 13. Zile bulo ndogo za kle ya 10, zenye uzi wa milimita 6, mara nyingi zinaomba kama nyutoni-mita 10, ni kusema kilo 5 kwenye alama ile ile. Tumia pezoni ya kilo 25 ao 50, juu ile ya kilo 200 haioni vitu vidogo. Na kila vidanje, rondeli mpya.

Mbele ya kukaza, lazima kle ishike vizuri. Kle ya moleti inashika pande mbili tu za bulo, na inacheza, njo maana tunaona bulo nyingi zimekuwa mviringo. Tafuta kle ya pipe ao duyi yenye pembe 6 ndani, ya namba kamili. Ya pembe 12 inaingia haraka zaidi lakini inagusa sehemu ndogo ya kila pembe, na kwenye bulo iliyochoka inateleza. Namba 8, 10, 12, 14 na 17 zitakufanyia kazi nyingi, na kwa ekseli za magurudumu pima kwanza ya pikipiki yako. Ukienda Kadutu sokoni, nenda na pikipiki yenyewe, ujaribu kle kwenye bulo mbele ya kulipa. Muuzaji atanuna kidogo. Bei siandiki hapa, juu inabadilika na inategemea uso wa mnunuzi.

Bujii iko na kle yake, na wengi wananunua isiyo yake. Kwenye bujii za NGK, herufi inayoonyesha upana wa uzi inakusaidia: C ni uzi wa milimita 10 na kle ya 16, D ni uzi wa 12 na kle ya 18, B ni uzi wa 14 na kle ya 21. Ingiza bujii kwa vidole kwanza, mizunguko kadhaa. Kama inakataa, toa, anza tena, juu kichwa cha silinda nacho ni alumini. Nafasi kati ya ncha zake, mara nyingi milimita 0,6 mpaka 0,8, inapimwa na kale: vile visu vyembamba vya chuma vilivyoandikwa namba, vimefungwa pamoja sawa karata. Kale ni chombo kidogo kuliko vyote kwenye mfuko wangu, na njo ninakipenda zaidi.

Upepo wa pine. Vijana wa kompresa barabarani wanapima kwa dole gumba, na ukiuliza wanakuambia « kilo mbili, chef ». Nunua manometri yako ndogo. Pima asubuhi mbele ya kutembea, juu pine ikipata joto upepo wake unapanda na namba inakudanganya. Pikipiki nyingi za aina ya Boxer na TVS zinaomba karibu kilo 1,75 mbele, na nyuma 2 ao zaidi kidogo ukiwa peke yako. Ukibeba mtu na gunia, nyuma ongeza kama kitabu kinavyosema. Pine yenye upepo mchache, na mzigo juu yake, inazunguka kidogo ndani ya janti, inavuta shambra, na shambra inakatika pale kwenye valvu. Ile haizibwi na kiraka.

Sheni inahitaji rula ya shule tu. Weka pikipiki kwenye bekiya ya kati, sukuma sheni ya chini kwenda juu na kushuka, katikati ya meno ya mbele na ya nyuma. Kwenye nyingi, milimita 20 mpaka 30 ni sawa. Kiisha zungusha gurudumu, upime mahali pengine tena na tena, juu sheni iliyochakaa haichakai sawasawa: huku imelegea, kule imekaza. Rekebisha ukifuata pale imekaza zaidi. Ukirekebisha pale imelegea, sehemu nyingine itavutika sana na kula ruleman. Alama za pande mbili za ekseli zilingane, kama siyo gurudumu linakaa kombo. Kwa njia zetu za udongo mwekundu ninapima kila wiki. Kuosha ni kwa burashi na petroli ya taa, mbali kabisa na mbabula. Esansi hapana, hata nje ya nyumba. Kupaka, mafuta mazito ya bwati namba 90 yanatosha. Yale yaliyotoka kwenye vidanje yamejaa unga wa chuma, usiyapake.

Na kwa mafuta hayo ya zamani: beseni pana, mpira wa kumiminia, bido ya lita 5 yenye kifuniko. Ninaona watu wanamwaga kwenye rigole, na sisi hapa mjini rigole inashuka ziwani. Kuko wanaokuja kuyaomba ili wapake miti ya ujenzi juu ya mchwa. Kwa tuta la mboga, hapana, sitaki hata mabaki ya kusafishia beseni.

Kuna kazi sifanyi. Klachi, karbirateri, na nafasi ya valvu, hizo ninampelekea mzee mmoja fundi. Siku ya kwanza nilifika na kale zangu mfukoni, nikamuuliza:

« Papa, kwenye hii pikipiki yangu valvu unaziacha na nafasi ngapi? »

Akacheka. « Agronomu, mimi ninasikia kwa masikio. »

Tukapima pamoja, moteri ikiwa baridi. Ya kuingiza ilikuwa sawa kabisa na kitabu, ya kutoa moshi ilikuwa imebana sana. Akanyamaza kidogo, akalegeza, akasikiliza tena, akasema: « Valvu ikibana haina kelele. Njo maana sikuisikia. » Na ni kweli: valvu iliyolegea inapiga kelele, yenye kubana iko kimya, huku inaungua kidogo kidogo. Mzee yule amenifundisha mambo mengi kuliko nilivyomfundisha, na kazi ya valvu nitaendelea kumpelekea, lakini sasa ninaenda na kale.

Neno moja kwa wale mradi umewapa Yamaha AG 100. Mambo ya vidanje musiyasome kama nilivyoandika. Moteri yenu ni ya mizunguko miwili: mafuta yake yanaingia pamoja na esansi na kuungua, kwa hiyo munabadilisha tu yale ya bwati. Bulo yake nayo iko kwenye alumini, pezoni inawahusu pia. Sheni yenu imefunikwa yote ndani ya boksi yake na matope hayaifikii, lakini nayo inalegea. Toa kifuniko kidogo cha mpira, ingiza kidole, upime.