Picha za Miradi: Tuchague Programu Ipi ya Kuzipanga?



Siku hizi kila ziara ya mradi hurudi na picha mia moja au zaidi. Kisima kimechimbwa, akina mama wamepokea mbuzi, darasa limeezekwa: vyote vimepigwa picha. Lakini mhisani anapoomba picha mbili za kisima kimoja, kabla na baada ya kazi, mtumishi hukaa siku nzima akifungua folda moja baada ya nyingine. Picha ipo, ila haipatikani. Katika makala hii tunaeleza namna ya kuchagua programu nyepesi ya kupanga picha kwenye kompyuta za kawaida za ofisi na vituo vyetu.

Kwa nini tusiweke zote kwenye intaneti?

Picha 20,000 zenye megabaiti 4 kila moja huchukua gigabaiti 80 hivi. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15 tu, pamoja na barua pepe. Kinachozidi hulipiwa, na bando la kuzipakia nalo hulipiwa.

Fundisho la Picasa

Wengi wetu tuliipenda Picasa, ambayo Google iliinunua mwaka 2004 na kuitoa bure. Mwaka 2016 Google iliacha kuihudumia. Maelezo yaliyoandikwa chini ya picha za JPEG yalisalimika, kwa kuwa yaliandikwa ndani ya faili la picha lenyewe. Albamu hazikuwa hivyo: zilikaa katika kumbukumbu za Picasa, na programu nyingi nyingine haziwezi kuzisoma.

Hapo ndipo penye kipimo chetu cha kwanza. Programu huja na kuondoka. Tuchague ile inayoandika maelezo ndani ya picha yenyewe, ili picha ikihama maelezo yahame nayo.

Programu tatu za kufikiria

1. IrfanView. Ina megabaiti chache tu na hufanya kazi vizuri kwenye kompyuta za zamani za Windows. Hubadilisha majina ya picha nyingi kwa mara moja na huandika maelezo ndani ya picha. Mashirika ya hisani huitumia bure.

2. XnView MP. Ni kubwa kidogo, lakini huonyesha folda na picha ndogondogo kwa pamoja, na hutafuta kwa urahisi zaidi. Nayo ni bure kwa mashirika yasiyo ya faida.

3. digiKam. Ni bure kwa wote na ina uwezo mkubwa kuliko hizo mbili, ila inahitaji kompyuta yenye nguvu. Inafaa ofisi kuu yenye maktaba ya picha.

Kwa ofisi yenye kompyuta moja ya zamani, tunashauri kuanza na IrfanView.

Jaribio la dakika kumi

Kabla ya kuamua, andika maelezo kwenye picha moja. Inakili kwenye flashi, kisha ifungue kwenye kompyuta nyingine kwa programu nyingine. Maelezo yakionekana, programu hiyo inafaa. Yasipoonekana, tazama mipangilio yake kwanza, ikishindikana, iache.

Mambo ya kuzingatia

• Folda zipangwe kwa mwaka, kisha mradi. Jina la picha lianze na tarehe, mfano 2024-03-12-kisima-01.

• Picha zitumwe kwa WhatsApp kama dokumenti. Zikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na hupoteza tarehe ya kupigwa.

• Nakala ya pili ikae kwenye diski ya nje, katika jengo jingine.

• Kwa kuwa maelezo husafiri na picha, tusiandike humo jina la mtoto, ugonjwa wa mtu wala nyumba anayoishi. Andika namba ya picha kwenye fomu ya idhini, na fomu ifungiwe kabatini.

Hili la mwisho ni zito kuliko yote. Watu hawa walituruhusu kuwapiga picha kwa sababu wanatuamini. Kuzitunza picha zao vizuri, na kujua ni zipi tusizitoe, ni sehemu ya uwakili wetu.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.